Wi-Fi ya Pamoja Kwenye Jengo: Pangeni Pesa Kwanza, Rauta Baadaye

Panda ngazi za jengo lolote la nyumba za bei nafuu jioni, halafu fungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu yako. Utaona majina kumi, kumi na tano, pengine ishirini. Kila nyumba na rauta yake, kila mtu na bili yake, na kila mtandao umefungwa kwa pasiwadi. Hapo hapo kwenye ngazi utampata mtoto anayeomba jirani pasiwadi ili amalize kazi ya shule, na kijana anayenunua bando ya shilingi ishirini ili atume maombi ya kazi.

Swali tunaloulizwa na wateja ni hili: kwa nini tusilipe laini moja tukatumia sote? Inawezekana, na vifaa vyenyewe havina maajabu. Fundi mzuri humaliza kazi hiyo kwa siku moja au mbili. Kinachoangusha Wi-Fi ya pamoja ni pesa. Mwezi wa kwanza kila mtu analipa kwa furaha. Mwezi wa pili wachache wanachelewa. Mwezi wa tatu mweka hazina anajazia kutoka mfukoni mwake. Mwezi wa nne taa nyekundu inawaka kwenye rauta na majirani wameacha kusalimiana.

Kwa hivyo katika somo hili tunaanza na pesa, kisha tunaenda kwa vifaa, na mwisho tunaangalia jinsi ya kulinda akaunti yako ukiwa kwenye mtandao wa watu wengi.

"Ya bure" maana yake nini?

Hakuna intaneti isiyolipiwa. Ukiambiwa ni ya bure, jua kuna mtu mwingine anayelipa. Kabla ya kununua hata mita moja ya waya, kubalianeni ni nani huyo. Kuna njia tatu za kawaida.

Ya kwanza ni landilodi au wasimamizi wa jengo kulipa, na gharama kuingia kwenye kodi au ada ya huduma. Njia hii ina usumbufu mdogo, lakini wapangaji wana haki ya kujua ni kiasi gani kimeongezwa na kwa ajili ya nini.

Ya pili ni mfadhili. Anaweza kuwa duka lililo chini ya jengo, kanisa, msikiti, au mbunge wa eneo. Ni msaada mzuri, ila ulizeni mapema: akiacha kulipa, tutafanyaje? Kama hamna jibu, hiyo ni zawadi ya muda, msiitegemee.

Ya tatu ni wakaazi wenyewe kuchanga kama chama. Hii ndiyo tutakayoifuata hapa, kwa sababu haimtegemei mtu mmoja.

Hesabu: msigawe kwa nyumba zote

Tuchukue mfano wa jengo lenye nyumba 24. Tuseme paketi ya intaneti mliyopata ni Sh6,000 kwa mwezi. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti, lakini njia ya kuhesabu ni ile ile.

Ongezeni stima. Rauta na vifaa vya kusambaza mawimbi huwaka saa 24. Vifaa vinne vya wati 10 kila kimoja ni wati 40. Zidisha kwa saa 720 za mwezi na utapata karibu yuniti 29. Mkikadiria yuniti moja kwa Sh30, hiyo ni karibu Sh900. Majengo mengi husahau gharama hii, mpaka yule jirani ambaye mita yake inalisha rauta anachoka na kuchomoa waya.

Ongezeni akiba ya Sh900 kwa ajili ya matengenezo. Jumla ni Sh7,800.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanagawa 7,800 kwa nyumba 24 na kupata Sh325, kisha wanatangaza hiyo kama bei. Lakini mwezi wowote ule kuna nyumba tupu, kuna aliyesafiri, kuna aliyefiwa, kuna ambaye mshahara haujaingia. Wakilipa 18 peke yao, mtakusanya Sh5,850. Pesa hizo hazitoshi hata kulipia paketi, na mtandao utakatwa kwa wote 24, pamoja na wale 18 waliolipa. Aliyelipa akikatiwa mara mbili, naye ataacha kulipa.

Gawanyeni kwa wale mnaoamini watalipa. Robo tatu ya jengo ni kipimo kizuri cha kuanzia. Sh7,800 kwa nyumba 18 ni Sh433, wekeni Sh450. Hiyo ni Sh15 kwa siku. Wakilipa 18, mnapata Sh8,100 na bili inalipika. Wakilipa wote 24, mnapata Sh10,800, na zile Sh3,000 za ziada zinaingia kwenye akiba. Msikimbilie kupunguza bei. Subirini mpaka akiba ifike bili za miezi miwili, yaani Sh12,000 kwa mfano wetu, ndipo mkae kikao muamue.

Panga tarehe pia. Wengi hulipa kodi kufikia tarehe 5. Ikiwa mtoa huduma atakubali, bili ya intaneti iwe tarehe 10, ili mpate siku tano za kukusanya. Na wale wanaopata riziki ya kila siku, mama mboga, mtu wa boda, fundi wa mjengo, waruhusiwe kulipa kidogo kidogo kwa wiki.

Asiyeweza kulipa mwezi huu

Hili ndilo swali litakaloonyesha kama Wi-Fi yenu ni ya jamii au ni biashara ndogo tu. Jirani akipoteza kazi mwezi Machi, mtamkatia intaneti ambayo ndiyo angetumia kutafuta kazi mwezi Aprili?

Ushauri wetu: gawanyeni laini moja iwe mitandao miwili. Rauta nyingi za kisasa zinaweza kufanya hivyo.

Mtandao wa kwanza ni wa wachangiaji. Una kasi nzuri, na unatosha video na mikutano ya kazi.

Wa pili ni wa kila mtu jengoni, amelipa au hajalipa. Una kasi ndogo, tuseme megabiti 2 kwa kila simu, na wote wakijumlishwa hawazidi robo ya laini. Hautafurahisha mtu anayetaka kuona mechi. Lakini unatosha WhatsApp, kazi ya shule, eCitizen, maombi ya HELB, na ile foleni ya kila mwaka ya kujaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni.

Je, watu hawataacha kuchanga wakae kwenye mtandao wa bure? Wachache watafanya hivyo. Ndiyo sababu bei yenu ilipangwa kwa nyumba 18, si 24. Faida ni kwamba hakuna mtu anayepewa kazi chungu ya kukata majirani. Anayechelewa anarudi kwenye mtandao wa polepole, akilipa anapewa tena ule wa kasi. Hakuna kugombana mlangoni, hakuna jina kuanikwa kwenye grupu.

Pesa zikae wapi?

Msikusanye michango kwenye laini ya kibinafsi ya mweka hazina, hata kama ni mtu mwaminifu kuliko wote. Shida haiko kwa tabia yake. Tunaona mambo manne yakitokea.

1. *Deni lake linameza mchango wenu.* Kama mweka hazina ametumia huduma ya kukopa salio likiisha, kama ile ya Fuliza, pesa zinazoingia kwenye laini yake hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Hajaiba, lakini Wi-Fi haitalipwa.
2. *Pesa zinachanganyika.* Baada ya miezi miwili hata yeye mwenyewe hawezi kusema ni ipi ya Wi-Fi na ipi ya unga.
3. *Laini ni ya mwenye kitambulisho.* Akihama, akipoteza simu au akifariki, pesa zilizo ndani ni zake kisheria au za familia yake.
4. *Hakuna wa pili anayeona.* Mashaka huanza pale ambapo mtu mmoja tu ndiye anajua salio.

Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na kila malipo yaidhinishwe na angalau wawili. Mkiweza kupata Paybill, ni bora kuliko tili kwa kazi hii. Paybill ina nafasi ya kuandika namba ya akaunti, na hapo kila mtu ataandika namba ya nyumba yake, kwa mfano B12. Hata pesa zikitumwa na dada au mume mwenye jina lingine, mtajua ni za B12. Tili haina nafasi hiyo; mtabaki mkiulizana "huyu Wanjiku ni wa nyumba gani?"

Kila mwisho wa mwezi bandikeni mistari mitatu kwenye ubao wa chini: zilizoingia, zilizotoka, salio lililobaki. Andikeni pia idadi ya nyumba zilizolipa, bila majina. Karatasi hiyo ndogo inalinda mweka hazina kuliko kiapo chochote.

Ruhusa na sheria

Someni mkataba wa mtoa huduma. Paketi ya nyumba moja mara nyingi hairuhusu kusambazwa kwa nyumba nyingine, na ikigundulika inaweza kukatwa. Mwambieni ukweli kwamba ni jengo la nyumba 24, muulize ana paketi gani ya jengo zima, na jibu liwe kwa maandishi.

Kugawana gharama ni jambo moja, kuuza intaneti ni jingine. Nchini Kenya, anayeuzia umma huduma ya intaneti anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mkianza kuuzia jengo la pili kwa faida, mmeingia kwenye biashara hiyo. Pateni ushauri kabla ya kufika huko.

Paa, ngazi na kuta za nje si za mtu mmoja. Kwenye majengo ya kupanga, ombeni ruhusa ya landilodi. Kwenye majengo ambayo kila mtu ana hati ya nyumba yake, sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa nyumba za ghorofa inaweka usimamizi wa sehemu za pamoja mikononi mwa shirika la wenye nyumba. Barua ya ruhusa ya ukurasa mmoja inatosha kuepusha fundi kufukuzwa akiwa juu ya ngazi.

Laini isajiliwe kwa jina la jengo au shirika lenu ikiwezekana. Mtu akitumia mtandao huo kufanya utapeli, wa kwanza kuulizwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye mkataba.

Na msikusanye habari za watu msizohitaji. Namba ya nyumba na namba ya simu zinatosha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu hata ninyi, kwa hivyo kitabu chenye namba za vitambulisho vya watu hakina kazi mezani kwa keateka.

Sasa vifaa

*Kasi.* Jioni ndiyo saa ya msongamano. Tuseme theluthi ya nyumba 24, yaani 8, zinatazama video kwa megabiti 3 kila moja. Hiyo ni 24. Nyumba 16 zilizobaki zinatumia kama megabiti 1 kila moja kwa mambo madogo. Jumla ni 40. Kwa hivyo laini ya megabiti 40 inawatosha, mradi kila simu iwekewe kikomo, tuseme megabiti 5. Bila kikomo, nyumba moja inayopakua filamu usiku kucha itawanyima wengine wote, na malalamiko yataenda kwa mtoa huduma ambaye hana kosa.

*Mahali.* Rauta moja chini haiwezi kufika orofa ya tano. Saruji na vyuma vya slabu huua mawimbi. Wekeni kifaa cha kusambaza kwenye korido ya kila orofa, au kila orofa ya pili, na mviunganishe kwa waya hadi kwenye rauta kuu. Waya wa kawaida wa mtandao unafanya kazi vizuri hadi mita 100. Mawimbi ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi. Ya 5 yana kasi kubwa lakini hayaendi mbali. Washeni yote mawili.

*Jaribu kabla ya kulipa.* Fundi akimaliza, tembeeni pamoja naye hadi nyumba ya mwisho kabisa, mfunge mlango, mpime kasi kwenye simu. Bakizeni sehemu ya malipo yake mpaka hapo.

*Ulinzi wa kifaa.* Vifaa viwe ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, juu ya kichwa cha mtu. Badilisheni siku hiyo hiyo pasiwadi ya kuingia kwenye mipangilio ya rauta, kwa sababu ile ya kiwandani inajulikana na kila mtu. Chagueni ulinzi wa WPA2 au WPA3. Washeni mpangilio unaotenganisha vifaa, ili simu moja isiweze kuchungulia nyingine. Hata mtandao ule wa bure upewe pasiwadi, ibandikwe ubaoni. Mtandao usio na pasiwadi kabisa ni rahisi zaidi kuchunguliwa.

Pesa zako ukiwa kwenye Wi-Fi ya wote

Kwanza tuondoe hofu. Ukitumia menyu ya kupiga nyota na reli, mawasiliano hayo hayapitii Wi-Fi hata kidogo. Yanapita kwenye mtandao wa laini yako. Programu rasmi za malipo nazo husimba habari kabla hazijaondoka kwenye simu. Kuunganishwa kwenye Wi-Fi ya jengo hakumpi jirani PIN yako.

Matapeli wanajua hivyo. Ndiyo sababu hawahangaiki kuvunja mtandao. Wanakuomba wewe mwenyewe uwape. Jihadhari na haya:

- *Ukurasa unaoomba PIN.* Ukiunganisha simu ukaletewa ukurasa unaosema "weka PIN ya pesa upate Wi-Fi ya bure," funga mara moja. Ombi halali la kulipa hujitokeza lenyewe kwenye simu yako, likionyesha kiasi na jina la anayelipwa. PIN haiandikwi kwenye ukurasa wa tovuti, kamwe.
- *Mtandao pacha.* Mtu anaweza kuwasha mtandao wenye jina linalofanana na lenu. Jina sahihi libandikwe ubaoni, na msiunganishe kwa jina lingine.
- *"Namba imebadilika."* Ujumbe kwenye grupu unaosema mchango utumwe kwa namba mpya usifuatwe mpaka mwone tangazo ubaoni lenye sahihi za viongozi wawili.
- *Stika juu ya stika.* Kama mna msimbo wa kuskani wa kulipia, uangalieni kila wiki. Tapeli anaweza kubandika wake juu yake. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea.
- *Ujumbe wa malipo wa uongo.* Mweka hazina asikubali picha ya ujumbe uliotumwa kwenye grupu. Athibitishe kwenye taarifa ya akaunti.
- *Fundi anayeomba simu yako.* Hahitaji kuishika wala kuifungua ili kukupa Wi-Fi. Pasiwadi utaiandika mwenyewe.

Kikao cha kwanza

Msitoke kwenye kikao cha kwanza bila kuandika majibu ya maswali haya saba, kwenye karatasi moja, na kila nyumba ipewe nakala:

1. Kila nyumba itachanga kiasi gani, na tarehe ngapi?
2. Bei hii imehesabiwa kwa nyumba ngapi zitakazolipa?
3. Pesa zitakaa kwenye akaunti gani, na nani watatu wanatia sahihi?
4. Stima ya vifaa inatoka mita ya nani, na analipwa vipi?
5. Asiyeweza kulipa atapata nini?
6. Kifaa kikiharibika Jumapili usiku, nani anapigiwa simu?
7. Anayehama anarudishiwa nini, na anayehamia anaanza na kiasi gani?

Swali la saba huonekana dogo mpaka mtu aliyetoa Sh2,000 za vifaa anahama baada ya mwezi mmoja. Jibu rahisi ni kwamba mchango wa vifaa haurudishwi, bali nyumba inabaki na haki yake, na mpangaji mpya anaanza na mchango wa mwezi tu. Mkiamua vingine ni sawa, bora iandikwe kabla mtu hajaanza kupakia vitu kwenye pikapu.

Anzeni na miezi mitatu ya majaribio. Msinunue vifaa vya bei ghali hadi mwone ni nyumba ngapi zinalipa kweli mwezi wa tatu. Zikiwa 18 au zaidi, mna msingi. Zikiwa 10, punguzeni paketi au mrudi kikaoni kabla deni halijakua.

Na kama kawaida yetu: PIN ni yako peke yako. Sisi hatutakupigia kuiomba, keateka hana kazi nayo, na hakuna Wi-Fi inayoihitaji.